Lupango Letu la Mtoni

Jirani yangu hapa Kabambare anajenga zizi la mbuzi. Tangu asubuhi vijana wake wanachonga nguzo uani, na harufu ya gome bichi imeingia mpaka chumbani nilipojilaza. Niliwaomba waache kazi mapema, nikasingizia kuumwa na kichwa. Wakanitii kwa adabu, wakakusanya mapanga yao, wakaenda zao. Hawakujua kwamba harufu ile kwangu mimi si ya zizi wala ya mbuzi. Ni ya Nyangwe, ya ukingo wa Lualaba, wakati Mbeleji alipokuwa bado anatutawala, na mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni nikichoka.

Mtaa wetu ulikuwa safu moja ya nyumba za udongo. Milango ilitazama barabara kwa amri ya Leta, ndivyo tulivyoiita serikali, ili anayepita aweze kuona kama tumefagia. Lakini maisha yetu yalikuwa nyuma, upande wa maji. Huko ndiko wanawake walikopepeta mpunga, huko ndiko watoto tulikoogeshwa, na huko ndiko habari zilikopita toka ua mpaka ua bila mtu kuinuka kwenye kigoda chake.

Sheria yetu kubwa haikuwa ya Leta. Ilikuwa hii: hakuna anayekwenda mtoni peke yake. Asubuhi umande ulipokauka, Mama Amisa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alitoka na mtungi mtupu akaugonga kwa pete ya shaba aliyovaa kidoleni. Sauti ile ilikuwa nyembamba, lakini ilifika mpaka nyumba ya mwisho. Kila mlango ulijibu. Aliyechelewa alingojewa. Aliyekuwa mgonjwa mtungi wake ulibebwa na mwingine, na hakuna aliyesema asante, kwa sababu kesho ingekuwa zamu ya mwingine. Wakishafika wote ndipo waliposhuka, na Mama Amisa hakuteka kwanza. Alisimama juu ya ukingo wa udongo, macho majini, mpaka wa mwisho alipopanda. Na kama moshi haukuonekana katika ua fulani hadi jua kusimama, mtu alikwenda kubisha.

Chini kabisa, pale tulipoteka, palikuwa na lupango. Lilikuwa boma la nguzo zilizopigiliwa ndani ya maji, zimebanana hata mkono wa mtoto usipite, zikizunguka kipande cha mto kama uwanja wa nyumba. Ndani ya lupango mtu aliweza kuingia mpaka magotini, akateka, akaosha sufuria, akacheka. Nje yake hakuna aliyetia hata kidole. Kila kiangazi, maji yalipopungua, wanaume wa mtaa waliingia wote kwa siku moja kubadilisha nguzo zilizooza. Kila nyumba ilileta nguzo zake. Wazee walisimama na mikuki, vijana wakapiga maji kwa fimbo na kufanya kelele, na wenye nguvu wakapigilia. Baba alinibeba mabegani nione. Harufu ya gome bichi lililolowa ilipanda mpaka kwenye nyumba, na jioni ile mtaa wote ulikula samaki na wali pamoja.

Lupango lilikuwa la kuzuia mamba. Lakini wakubwa hawakumtaja mamba kwa jina karibu na maji, waliogopa kumwita. Walisema "Mwenyewe". "Leo Mwenyewe iko juu ya mchanga," alisema Mama Amisa. "Mwenyewe amelala, tekeni mbiyo." Mimi nilisikia neno hilo tangu sijajua kuongea vizuri, na hakuna aliyenieleza. Nikajieleza peke yangu. Nilijua shamba lina mwenyewe, na mbuzi ana mwenyewe, na mtu akivuka mpaka wa shamba la watu kuna maneno. Basi nikaona kwamba mto nao ulikuwa na mwenyewe, mtu fulani wa ng'ambo, mwenye mali nyingi na roho ngumu, na kwamba nguzo zile zilikuwa mpaka kati ya maji yetu na maji yake.

Shangazi yangu Feza alikaa nasi. Alikuwa mdogo wa baba, baba yao alikwisha kufa, na baba ndiye aliyemlea. Mimi nililala naye mkeka mmoja. Alikuwa na nafasi kati ya meno ya mbele, na akinywa maji aliyapuliza kupitia pale anirushie usoni. Alinisuka nywele kwa nguvu mpaka macho yakavutika, na nikilia alisema, "Lia polepole, mutoto wa kaka, usifukuze uzuri."

Feza alikuwa ameposwa. Mchumba wake, Asumani, alikuwa fundi wa nguo wa kijiji kilichotazamana nasi ng'ambo ya Lualaba. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa, akatembea kama mtu anayesalimia kila hatua. Wanawake walimtania Feza mtoni, "Mwenyewe wako anakuja kukuchukua lini?" Naye alijifunika uso kwa kitenge akacheka chini yake. Hapo ndipo nilipopata jibu la kitendawili changu. Mwenyewe alikuwa ng'ambo. Asumani alikuwa ng'ambo. Nikafurahi sana kwamba yule mwenye mto alikuwa tu mtu mpole mwenye cherehani, atakayekuwa bwana wa shangazi yangu, na pengine akishaoa nguzo hazitahitajika tena.

Kisha vita ya Wazungu, iliyokuwa ikipiganwa mbali huko kwao, ikafika kwetu kwa namna yake. Leta ilitaka mpira. Wanaume wenye miguu mizima waliamriwa kuingia msituni kutafuta mimea ya mpira itambaayo mitini na kuikamua, na kukaa huko mpaka watakapoambiwa rudini. Aliyeleta amri hiyo kwetu alikuwa Kapita Sumaili, mkubwa wa mtaa aliyewekwa na Leta. Hakuwa mtu mbaya. Nakumbuka alipita nyumba kwa nyumba huku akitazama viatu vyake, kama kwamba maneno yalikuwa yameandikwa pale.

Baba alifunga mkeka na panga. Mama alisimama mlangoni.

"Na lupango?" mama akauliza. "Kiangazi iko karibu."

"Nitakuwa nimesharudi."

"Kama hujarudi?"

Baba akanitazama mimi, kisha Feza. "Hapa kwetu watu hawaachane," alisema. "Mutasaidiana. Na weye Feza, usiolewe bila mimi. Mimi ndiye wa kukutoa. Mwambie ule fundi avumilie."

"Atavumilia," Feza akasema. "Iko na mguu wa kukawia."

Baba akacheka. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka kikiwa kizima.

Kiangazi kilikuja, wanaume hawakuja. Waliobaki mtaani walikuwa wazee waliokohoa, vipofu wawili, na kapita. Maji yalipungua, nguzo zikaonekana jinsi zilivyo: nyeusi, zimelika kiunoni, nyingine zinacheza ukizigusa. Upande wa chini palikuwa na pengo. Wanawake waliliziba kwa matawi ya miiba, na mto ukayachukua. Mama Amisa aliacha kuzungumza pale juu ya ukingo. Zamani alikuwa akitazama maji huku akitoa hadithi; sasa alitazama tu.

Siku moja wanawake, ambao kila siku walilimishwa pamba ya Leta kwa amri, waliamua kwenda kwa kapita. Mama alinibeba. Kapita alikuwa ameketi barazani akikuna mgongo kwa kijiti, akainuka haraka alipotuona wengi vile.

"Kapita," Mama Amisa alisema, "lupango imeoza. Tunaomba ruhusa. Utupe siku mbili tusiende kwa shamba ya Leta, twende kukata miti sisi wanawake."

"Shamba ya pamba haiwezi kuachwa. Mwajua vile."

"Mutu akifa mtoni, nani atalima ile pamba?"

Kapita akakaa tena. "Mama Amisa, mimi naweza kusema nini? Mimi niko mutu wa kuitikia tu. Wakiniuliza, naitikia. Wakiniita, naitikia. Nikisema wanawake wamelala nyumbani siku mbili, watanilaza mimi chini, wanipige fimbo mbele ya watoto yangu."

Kisha mama, ambaye hakuwa msemaji, akasema, "Basi usituone."

Kapita alirudisha kijiti chake mgongoni. "Mukienda alfajiri mbele ya kazi," alisema, "mimi huwa ningali nimelala."

Ndivyo walivyofanya. Wiki nzima walikwenda msituni mapema wakakata miti, kisha wakaenda shambani na mikono imevimba. Feza ndiye aliyekata mingi. Alirudi na majani nywelani, akanusa mikono yake akaninusisha na mimi. Miti haikuwa minene kama ya wanaume, lakini ilikuwa imara. Waliipanga kando ya maji, rundo zuri, magome bado yanatoka utomvu. Walikubaliana kuipigilia siku ya mapumziko, na wale wazee wawili watatu wangeshika mikuki. Sijapata kuona wanawake wenye furaha na uchovu kiasi kile. Mama Amisa alisema baba zetu wakirudi wataona haya, kwa sababu nguzo zetu zimenyooka kuliko zao.

Kabla ya siku hiyo kufika, akaja polisi mmoja wa Leta kutoka Kasongo, na kofia yake nyekundu. Mzungu mmoja mkubwa alikuwa anakuja kukagua pamba, naye angelala katika nyumba ya wageni wa Leta, kule juu penye hewa. Mbuzi walikuwa wameingia wakala maua yote. Polisi alitaka uzio. Akauliza miti inapatikana wapi upesi. Sijui nani alimwonyesha. Labda hakuna, labda aliona tu, maana rundo halikufichwa. Alishuka mpaka mtoni, akagusa nguzo moja kwa mguu, akasema ni nzuri, zibebwe.

"Hizi ni za lupango, bwana," Mama Amisa akamwambia. "Ni za kutukinga."

"Mtakata zingine. Msitu umekwisha?"

"Mamba iko hapa, bwana." Alitaja jina kabisa, pale pale kando ya maji, na wanawake wengine wakashtuka. Mimi sikuwa karibu. Haya niliambiwa na mama miaka mingi baadaye. Polisi akatazama mto uliotulia, wenye rangi ya chai ya maziwa, akasema yeye haoni kitu.

Wanawake walizibeba wao hao hadi juu. Nilikwenda nyuma yao. Uzio ulijengwa kabla ya jua kutua, kisha ukapakwa chokaa, ukang'aa. Mimi niliona ni kitu kizuri kuliko vyote vilivyopata kujengwa Nyangwe. Nilimwambia mama, "Tazama miti yetu imevaa kanzu." Mama aliniambia ninyamaze, na nilidhani ni kwa sababu tuko kwa Mzungu.

Yule mkubwa alilala pale usiku mmoja, akasifu pamba, akaenda.

Siku zilizofuata Leta ilidai pamba ivunwe yote kabla ya mvua, na wanawake hawakupata tena alfajiri ya kwenda msituni. Walisema wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja wakasema ijayo.

Asubuhi ile ilikuwa kama asubuhi zote. Mama alikuwa na homa, akabaki amelala. Pete ya Mama Amisa iligonga mtungi. Feza alichukua mtungi wetu na mtungi wa bibi mmoja jirani aliyekuwa na jipu mguuni, mmoja kichwani na mwingine ubavuni. Nilitaka kumfuata, akanirudisha. "Mungojee mama yako," alisema. "Umupe mayi ile iliyobaki."

Nilimpa mama maji. Nikaketi kwenye mlango wa nyuma nikitenganisha mawe na mchele, kazi niliyopewa ili nisiwe msumbufu. Halafu ikatoka sauti mtoni ambayo sikuielewa. Haikuwa ya mtu mmoja. Mama aliinuka kwenye mkeka na homa yake, akanipita bila kuniona, akakimbia. Niliona wanawake wanapanda ukingo wakiwa wamelowa, mitungi hawana. Mama Amisa alikuwa wa mwisho. Alikaa chini katika njia, akaanza kujipiga mapajani kwa viganja, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetoa taarifa:

"Mwenyewe amemuchukua. Nimetazama, nimetazama, nimegeuka kidogo kumuangalia mutoto wa watu. Mwenyewe amemuchukua Feza."

Mimi nilisikia vizuri. Nikashikwa na hasira. Nilijua siku hiyo itakuja, walikuwa wakimwambia kila siku mtoni. Lakini sikutegemea kwamba Asumani angemchukua bila kumngojea baba, na bila Feza kurudi kuniaga. Hata nguo zake hakuchukua.

Yaliyofuata yote yalinithibitishia. Watu wakajaa uani. Mikeka ikatandikwa. Mwalimu wa msikiti akaja akasoma. Sufuria kubwa zikatolewa, wali ukapikwa, watu wa mitaa mingine wakaleta kuku. Wanawake walilia, lakini nilikwisha kuona wanawake wakilia mtu akiolewa mbali. Hakukuwa na maiti. Hakukuwa na jeneza la msikiti kuletwa wala kaburi kuchimbwa. Nilijua kifo kina mtu aliyefunikwa sanda, na hapa hakuwepo. Mama alizifunga nguo za Feza katika kitenge chake cha maua, akafunga fundo, na mimi nikafikiri zitapelekwa kwake. Nilipomuuliza, "Mama, shangazi iko wapi?" alilikaza tena lile fundo. Bibi mwenye jipu mguuni akajibu badala yake, "Amevuka, mutoto wangu. Amevuka ng'ambo." Alinitakia mema. Alitaka nilale.

Asumani alikuja siku ya pili au ya tatu. Niliona mtumbwi ukifika mbali kabisa na lupango, nikamwona akipanda na mguu wake. Watu walimpisha. Alikaa kwenye mkeka pembeni, mikono kati ya magoti. Nilimwendea kabla mtu hajanizuia. Nilikuwa na karanga ndani ya jani, nilizokuwa nimezificha.

"Weye umemuacha na nani?" nikamuuliza.

Hakuelewa. Nikarudia. "Shangazi Feza. Umemuacha nyumbani na nani? Mbona hujakuja naye?"

Asumani alinitazama. Nilisubiri anitungie udhuru, na nilikuwa tayari kukasirika.

"Na mama yangu," alisema mwishowe. "Iko na mama yangu."

"Hana nguo."

"Nitamushonea."

"Umupe hii," nikasema, nikampa karanga. "Umwambie nimekasirika, lakini kidogo tu."

Alizipokea kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea kwa mkubwa. Alizitia mfukoni, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, na sikumwona tena siku ile. Niliambiwa kwamba hakuoa mpaka alipozeeka. Sijui kama ni kweli. Watu wa mtoni hupenda kuambiana hivyo.

Leta haikukaa kimya. Kapita Sumaili alipita tena nyumba kwa nyumba akitazama viatu. Amri ilikuwa hii: pale mtoni pamekatazwa, kwa usalama wa watu. Atakayeonekana akiteka pale atapigwa fimbo. Maji yatekwe kwenye chemchemi ya upande wa pili wa mashamba.

"Ile chemchemi?" mama akasema. "Kwenda na kurudi ni nusu ya siku. Na pamba?"

"Pamba iko pale pale."

"Basi tuteke wakati gani?"

Kapita alikuwa ameanza kuelekea nyumba ya pili. Alisema, "Mimi nimesema vile nimeambiwa."

Hakuna aliyejenga lupango, kwa sababu pamekatazwa. Na hakuna aliyeweza kwenda chemchemi kila siku na bado akamaliza shamba la Leta. Kwa hiyo wanawake wakaendelea kuteka mtoni, ila sasa kwa siri. Na siri haiendi kwa kundi. Kundi huonekana, kundi lina sauti. Kila mmoja akachagua saa yake na mahali pake, hapa penye matete, pale penye mawe, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na nguzo hata moja. Pete ya Mama Amisa haikugonga tena. Alikaa uani mwake ameupa mto mgongo, na wanawake wakipita walimsalimia haraka wasije wakaonekana wanamlaumu. Nadhani ndiyo sababu yeye akadhani wanamlaumu.

Kabla mvua hazijaisha, mto ulichukua mwanamke mwingine wa nyumba ya mwisho. Hakuna aliyemwona akienda. Hata siku yenyewe haikujulikana sawasawa.

Baba alirudi mvua zikiisha. Nilikuwa wa kwanza kumwona barabarani. Alikuwa amekonda, ngozi ya mikono yake ina madoa meusi ya utomvu wa mpira usiotoka kwa kuoshwa, na alipumua kwa mdomo. Nilimkimbilia, akaniinua kwa shida. Tulikuwa bado mbali na nyumba. Nilikuwa na habari moja kubwa, na niliona heri niitoe kabla mtu mwingine hajaniwahi.

"Baba, Shangazi Feza amekwisha kuolewa. Iko ng'ambo. Mwenyewe amekuja kumuchukua."

Baba alisimama. Kisha uso wake ukafunguka. "Hawakunivumilia," alisema, na akacheka, kicheko chembamba kilichokatwa na kikohozi. "Ule mwenye mguu wa kukawia. Na nani alisimama kumutoa? Kapita? Mwalimu?"

"Mwalimu alikuja akasoma. Watu walikuwa wengi. Tulikula wali na kuku."

"Vizuri," baba alisema. "Ni vizuri. Vita hii haina mwisho, walifanya vizuri." Alikuwa akitembea haraka sasa. "Kesho nitavuka nimusalimie. Nitamukaripia kwanza."

Mama alikuwa ametokea mlangoni. Baba alimpungia mkono toka mbali, akapaza sauti ya utani, "Kwa hiyo muliniibia harusi."

Niliuona uso wa mama. Alimtazama baba, akanitazama mimi nilivyokuwa mikononi mwake nikitabasamu, na hapo hapo, kabla hajasema neno lolote, nilijua kwamba nilichokuwa nikikijua hakikuwa kweli. Sikujua kweli ilikuwa nini. Baba aliniweka chini polepole sana. Mama alimshika mkono akamwingiza ndani, na mlango ambao kwa amri ulitakiwa kuwa wazi mchana, ukafungwa.

Alipotoka baba hakuniita. Alikwenda mtoni. Nilimfuata nikasimama juu, pale alipokuwa akisimama Mama Amisa. Alizitazama zile nguzo chache zilizobaki zimeinama. Baadaye akaniambia bila kugeuka, "Mwenyewe ni mamba, mama yangu. Hakuna mwingine." Alikuwa akiniita mama, kama baba wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nilikaa chini nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

Kiangazi kilichofuata alitaka kujenga. Alipita nyumba kwa nyumba, lakini waliorudi msituni walikuwa wachache, na kati ya hao wengi waliogopa fimbo. Mmoja alimwambia kwamba mke wake hupita kwenye mawe, pana afadhali. Mwingine alisema atamsaidia, hakuja. Baba aliingia majini peke yake na nguzo zake mwenyewe, akapigilia safu moja fupi, na kikohozi kikamtoa. Kapita alikuja kumwomba azing'oe. Hakuzing'oa, wala hakupigwa. Mvua za kwanza zilizing'oa zenyewe. Mwaka uliofuata baba alifariki kwa kifua chake, na mama akanileta huku Kabambare kwa ndugu zake, mahali penye visima.

Lakini kabla ya hapo tulikaa mle mtaani msimu mmoja zaidi, tukiteka maji kama wengine wote. Mama alichagua saa ya adhuhuri, watu wakiwa shambani. Hakubisha kwa jirani, na jirani hakumuuliza. Alijitwisha mtungi, akafungua mlango wa nyuma kidogo, akachungulia kulia na kushoto, kisha akainama kwangu.

"Kama nimekawia," alisema, "usije kunitafuta. Usimuite mutu. Funga mulango, ukae ndani mpaka baba yako arudi."

"Ndiyo, mama," nikajibu.

Akatoka. Nikafunga mlango, nikakaa.